Mtu Aliyesimama Kando ya Shuka

Vumbi likiungua juu ya balbu ya projekta hutoa harufu kama ya nywele zilizochomwa, na harufu hiyo ndiyo iliyokuwa Jumapili yangu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Ukumbi wa Bwana Kasimu ulikuwa Gatsata, hapa Kigali, kando ya barabara iliyo juu ya bonde la Nyabugogo. Lilikuwa ghala la zamani la maharage, na madirisha yake yalizibwa kwa magunia ili jua la saa nane mchana lisiingie. Ukutani alitundika shuka jeupe. Tulibanana kwenye mabenchi, madereva, mafundi wa magari, akina mama waliotoka misa na nguo zao nzuri, Wakongomani, Warundi, watu waliokulia Tanzania, na sisi wenyeji. Lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili, kila mtu na cha kwake. Filamu zenyewe zilikuja kwa Kifaransa, ambacho wengi hawakukijua, na ndiyo maana kando ya shuka alisimama Mzee Anselme.

Anselme alikuwa mtu mwembamba aliyekulia Burundi, mjane mwenye binti mmoja. Kabla ya kusema neno lolote alikohoa kidogo, kama anayebisha hodi, kisha akamsemea kila mtu aliyetokea kwenye shuka: mzee, mtoto, mwanamke mwenye hasira, hata farasi. Kinywani mwake jambazi wa Kizungu alikuwa ameiba mbuzi huko Gisozi, mtaa wa jirani. Bibi harusi alilalamika kuhusu mawifi. Watu walimjibu kwa sauti kana kwamba mawifi hao wanawafahamu. Barabarani wanaume wazima walimvulia kofia.

Siri yake niliijua kwa sababu binti yake, Domitila, aliniambia. Tulikaa dawati moja. Kila Jumamosi filamu ilipofika, Bwana Kasimu aliwaruhusu baba na binti waitazame peke yao. Domitila, aliyekuwa na Kifaransa cha shule, alimnong'oneza babake hadithi, naye akaikariri na kuivika maneno yake. "Baba hajui Kifaransa," aliniambia. "Usimwambie mtu. Ndiyo kazi yake pekee." Nikaapa.

Muhula huo Domitila alinishinda mtihani wa Kifaransa. Mwalimu alinipa daftari la Domitila, akaniamuru nilipitishe dawati kwa dawati ili darasa zima lione jinsi mtu anavyoandika. Nililipitisha. Domitila ndiye niliyekuwa nataka kumuumiza, si babake, lakini babake ndiye aliyekuwa karibu na mkono wangu.

Jumapili iliyofuata, kwenye shuka, kijana alikuwa anaagana na babake kituo cha treni, anakwenda vitani. Anselme akakohoa. "Baba," akasema kwa sauti ya yule kijana, "mbuzi wangu usimuuze. Nikirudi nataka nimkute amezaa." Mwanamke mmoja mbele yangu akaanza kulia. Nikapanda juu ya benchi.

"Uongo! Kasema ataandika barua, basi! Huyu mzee hajui Kifaransa hata kidogo. Domitila ndiye anamnong'oneza!"

Dereva mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Anselme! Iko mbuzi gani kule kwa Wazungu?" Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati.

Anselme alinitafuta gizani kwa macho. "Mwanangu," alisema, na safari hii hakukohoa, "mbuzi nimemweka ili waelewe."

"We kijana," Bwana Kasimu akaniita, "kama unajua, njoo utusemee wewe." Nikaenda. Anselme alisogea kunipisha, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Domitila alikuwa benchi la mbele. Hakuinua uso.

Nilitafsiri kwa usahihi, kila neno mahali pake, na watu wakapiga miayo. Jumapili ya pili mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Jumapili ya tatu Anselme mwenyewe alikuja, akakata tiketi kama mtu yeyote, akakaa katikati. Nilimwona, na nilijua ukumbi ulikuwa unanichoka. Mlevi alipotokea kwenye shuka, akajikwaa na kutumbukia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, nilikohoa kidogo. Nikampa sauti ya Anselme. Nikamfanya aulize, huku maji yakimtiririka, kama kuna aliyemwona mbuzi wake. Watu walicheka mpaka wengine wakashuka chini kutoka kwenye mabenchi. Anselme naye alicheka. Alipiga makofi, akigeuka kulia na kushoto ili majirani waone kwamba anacheka.

Baada ya hapo hakupita barabarani bila kufuatwa na watoto. "Mzee Anselme, mbwa huyu anabweka nini? Tutafsirie!" Mwanzoni aliwajibu kwa mzaha. Baadaye hakujibu. Mwishowe aliacha kabisa kusema Kiswahili, akamtoa Domitila shuleni, wakahamia Gahanga, nje ya mji, kulima mashamba ya watu. Mimi nikawa wa kwanza katika Kifaransa. Kabla ya mvua za masika Bwana Kasimu aliurudisha ukumbi kuwa ghala la maharage, kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka nyumbani kwenda kusikiliza habari za barua.

Sasa mimi ni mzee, ninaishi Batsinda na mjukuu wangu Keza. Kuna kituo cha televisheni hapa Kigali kilichoamua kuzipa filamu za lugha za kigeni nafasi yao, Jumapili mchana, na kinawalipa watu wa kuzisemea. Vijana huziita agasobanuye, yaani zilizofafanuliwa. Jina la msemaji huandikwa mwishoni, kwa herufi kubwa sawa na za waigizaji. Majuzi, katika filamu ya Kifaransa, mama alikuwa anamuaga mwanawe. Chini ya sauti ya msemaji nilimsikia mama mwenyewe akisema tu, jitunze. Msemaji akasema: "Mwanangu, sahani yako nitaifunika kila jioni." Keza akafuta machozi, akanigeukia.

"Babu, wewe unajua Kifaransa. Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo," nikamwambia.

Kesho yake nilikwenda Gahanga. Niliulizia, nikaambiwa Anselme alikufa miaka mingi iliyopita, na binti yake anauza nyanya sokoni. Nilimtambua kwa jinsi alivyoinamisha uso. Nilisimama mbele ya meza yake, nikataja jina langu, nikasema yote kwa Kiswahili kizuri nilichokuwa nimekipanga njia nzima: ukumbi, benchi, kiapo, mlevi. Nikaomba msamaha. Domitila, ambaye Kiswahili amekijua kabla yangu, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia muuzaji wa meza ya pili, akamuuliza kwa Kinyarwanda:

"Huyu mzee anasema nini?"

Mwenzake alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Anataka nyanya."

Domitila akanipimia kilo moja. Wanawake wa meza zote wakacheka. Nami nikacheka, mfuko mkononi, nikigeuka kulia na kushoto ili waone kwamba ninacheka.