Kilio cha Ukuta Wangu

Walisema sitalipa. Naanza hapo kwa sababu aibu ninayotaka kuwaeleza ilinipata kiwanjani kwangu mwenyewe, mchana kweupe, na kabla hamjacheka nataka mjue mnamcheka mtu wa namna gani. Walisema huyu aliyerudi kutoka Kigoma na diploma yake ya ugavi, anayetembea na kalamu mbili mfukoni, siku moja atavuka ziwa tena kimyakimya na pesa zetu tutazitafuta Tanzania. Walisema hivyo sokoni, wakasema bandarini, na Mama Feza, muuza makala (mkaa, kwa wasiojua) wa ng'ambo ya barabara, akanisemea usoni: "Papa Diplome, weye utalipa siku ile samaki watavaa viatu."

Nililipa. Mzigo wangu wa kwanza wa chumvi na sabuni ulizama pamoja na boti (mali ya kukopa, ndiyo, wacha niseme), nami nikalipa mfuko baada ya mfuko, kwa kula bukari na sombe, ugali na kisamvu, mara moja kwa siku, kwa kutembea kwa miguu mji mzima huku motari, waendesha pikipiki wa kukodi, wakinipigia honi za kunicheka, kwa kuzima taa mapema na kujinyoa nywele mwenyewe mbele ya kipande cha kioo (ndiyo maana picha za wakati ule siwaonyeshi watu). Hakuna ndugu aliyenisaidia, maana sina. Mama alinizaa peke yangu, na yeye alishatangulia. Nilipomaliza nikaapa kwamba katika maisha yangu yaliyobaki sitadaiwa tena kitu na mtu yeyote, hata njiti ya kiberiti.

Kiapo hicho nilikishika sana. Ila sikujua jambo moja, kwamba wanaokudai ndio watu wanaokuja kwako. Nilipokuwa na deni mlango wangu uligongwa asubuhi na jioni. Walikaa, walinitukana, walikunywa maji yangu, waliniuliza kama malaria imepona, wakanitukana tena wakaenda. Baada ya kulipa, kimya. Na mimi sikwenda kwa mtu, kwa sababu ukienda kwa watu utapewa chakula, na ukipewa chakula tayari umedaiwa. Jioni nilikaa salon, yaani sebuleni, na viti vyangu sita vya plastiki, kimoja nimekikalia, vitano vinanitazama.

Sasa, nyumba yenyewe iko chini, upande wa ziwa, na tangu maji ya ziwa yalipoanza kupanda, ukuta wa salon ulikuwa unanyonya unyevu kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kwanza doa lilifika kwenye kifundo cha mguu, kisha gotini, kisha nikaona kuvu nyeusi zikipanda mpaka kiunoni. Godoro lilinuka, mashati yalinuka, hata chumvi iligeuka uji ndani ya kopo. Nilivumilia yote hayo, lakini asubuhi moja nikatazama diploma yangu iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu, nikaona kuvu imeingia chini ya kioo, imeshakula muhuri na sasa inaelekea kwenye jina langu. Hapo nikasema, hapana.

Fundi wa ujenzi alikuja, akagonga ukuta kwa kidole, akataja bei. Kwa bei ile ningelazimika kukopa. Mimi, kukopa! Nikamwambia asante, nitafanya mwenyewe, na nikafanya mpango ambao hata leo nasema ulikuwa mzuri, maana haukugharimu hata franka moja.

Mpango ulikuwa hivi. Jumamosi, mapema, nitoe vyombo vyote vya salon nje, viti na meza na godoro, sakafu ibaki tupu. Juu ya vyombo nifunge bashi, lile turubai la bluu, mvua isije ikanikuta. Katikati ya kiwanja niwashe moto wa magogo makubwa ambayo ziwa huyatupa ufukweni bure, nipashe mawe, halafu niyaingize ndani kwa beseni na kuyapanga chini ya ukuta mpaka unyevu utoke. Nje, nichimbe mfereji wa kupeleka maji barabarani. Na kwa sababu mfereji ulitokeza hadi njiani na motari wa kwetu hawatazami mbele, nikakata matawi mawili ya mchikichi nikayasimamisha pale kwenye lango, wajue kuna shimo.

Anayeishi Kalemie tayari anacheka. Kwa wengine nieleze: kwetu mtu akifa, vyombo vya salon hutolewa nje ili akina mama wakae chini sakafuni, wanaume hukaa kiwanjani chini ya bashi, magogo huwashwa, na matawi ya mchikichi huwekwa njiani ili kila apitaye ajue hapa kuna kilio. Mimi nilijua hayo yote, nimekulia hapa. Lakini miaka ya Kigoma, halafu miaka ya kukwepa kila kilio cha mji (kilio kinataka mchango, nami nilikuwa nabana matumizi), ilinifanya nione kiti ni kiti, bashi ni bashi na moto ni moto. Vyote kwa pamoja sikuviona.

Nilikuwa ndani na mawe yangu, moshi umenijaa machoni, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, nikasikia kiti kinalia nje. Nikatoka na beseni tupu. Papa Kabwe, mzee mstaafu wa reli anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alikuwa ameketi kwenye kiti changu karibu na moto, kofia mkononi. Aliponiona akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana, Papa." Kisha akakaa tena.

Nikafikiri ameona kazi ninayofanya, ananipa pole ya kazi. Wakaingia wanaume wengine watatu, wakanishika mkono, wakakaa. Mwingine akaja na gogo begani akaliweka kwenye moto wangu bila kuniomba chochote. Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipokosea. Ningeuliza tu, "Wazee, kuna nini?" yangeishia pale, tungecheka, kila mtu angekwenda kwake. Lakini viti vyangu vilikuwa vimejaa. Vile vitano vyote! Nikaogopa kwamba nikiuliza wataondoka. Kwa hiyo sikuuliza. Nikaweka beseni chini nikakaa nao.

Tulikaa vizuri sana. Hawakusema mengi, na mimi vilevile, na nilikuwa najiambia kwamba labda watu wameanza kuniheshimu, mtu aliyelipa madeni yake yote bila msaada, walichelewa tu kuja. Nikafikiri hata kuwachemshia chai (nina majani ya chai, nayatumia mara tatu tatu, lakini wageni ningewapa mapya).

Halafu Mama Feza akaingia langoni bila viatu, kitenge kimefungwa kiunoni, nyuma yake akina mama wengi na mikeka. Wakanipita moja kwa moja mpaka salon, wakatandika, wakakaa chini, na Mama Feza akapasua sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka bandarini. Ndipo nikatazama lango, nikaona matawi. Nikatazama bashi. Nikatazama moto.

Nikasema moyoni, sema sasa. Lakini Papa Kabwe alikuwa ameniwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu aliyefunga mabehewa maisha yake yote, na sikumbuki kabla ya siku ile ni lini mtu aliwahi kunigusa bega. Nikasema, nitaongea wimbo huu ukiisha. Ukaisha, nikasema, basi ule unaofuata.

Tatizo la akina mama lilikuwa kwamba hawajui wanamlilia nani. Mama Feza akatoka mlangoni, macho mekundu.

"Papa Diplome, nani njo alituacha?"

"Ngoja kwanza, Mama," nikasema, na sauti ikanikatika kwa woga.

"Mumuache," Papa Kabwe akamwambia. "Hauone muntu ameshindwa kusema?"

Wakaanza kukisia kwa sauti ya chini, mimi nikiwa palepale. Mama yake? Hapana, alishakufa zamani. Mke? Mke gani, huyu? Basi ni mukubwa wake, kaka yake. Ndiyo, atakuwa mukubwa wake. Na bwana mmoja mwenye kofia ya sufi, ambaye sikuwahi kumwona kabla, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ule mukubwa wake nilimujua. Kule Zongwe. Tulikula naye ndagala siku moja. Muntu wa kucheka sana."

"Ule wa pikipiki?" mwingine akauliza.

"Njo yeye. Pikipiki nyekundu."

Nawaambia ukweli, nilimsikiliza bwana yule kwa makini. Alisema kaka yangu alipenda kuimba akiendesha, kwamba hakuwa mchoyo, kwamba alikuwa anataja jina langu mara kwa mara na kusema mdogo wangu amesoma. Nilianza kumlilia kaka ambaye hakuwahi kuzaliwa, na machozi yaliyonitoka safari hii hayakuwa ya moshi.

Jikoni kwangu, nyuma ya nyumba, tayari walikuwa wanasonga bukari. Kila mama alikuja na vikombe vyake vya unga, Mama Feza akaleta makala, mwingine ndagala, dagaa wa ziwani, na wote tukala (nilikula sana, nikiri, nilikuwa na njaa ya miaka). Tulipomaliza, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, akasimama, mtu mfupi mwenye koti, akaleta beseni dogo lenye mchango akaniwekea magotini.

"Papa, weye hukai na bantu, tunajua. Hata pa vilio vyetu hatukuonaka. Lakini avenyu haiwezi kukuacha peke yako. Kamata hii. Sasa utupe jina la marehemu, tuombe."

Wote wakainamisha vichwa. Wakangoja jina.

Ningeweza kutaja jina lolote. Nusura nitaje, lilikuwa ulimini. Lakini magotini nilikuwa na pesa za watu walioamini kwamba nina mtu wa kufiwa naye, na mimi ndiye yule mwenye kiapo. Nikasimama, nikakohoa, nikatumia ile sauti yangu ya siku ya mahafali.

"Ndugu zangu, hakuna aliyekufa. Nilikuwa ninakausha ukuta."

Gogo likapasuka motoni, watu wakashtuka. Kisha Mama Feza akajitokeza mlangoni polepole.

"Ukuta?"

"Unyevu, Mama. Mawe ya moto..."

"Niko nalilia ukuta? Tangu saa ine niko nalilia ukuta? Nilifunga meza yangu ya makala, sauti imekauka, kumbe ni ukuta?"

Bwana wa kofia ya sufi hakuwepo tena kwenye kiti chake. Wengine walianza kucheka, wengine walikasirika kweli, na shefu alikuwa wa hao. Akaniuliza kama nina akili, kwamba kuweka matawi njiani bila maiti ni kukiita kifo kije kutafuta nyumba. Akachukua beseni lake kutoka mikononi mwangu. Halafu akatoa hukumu mbele ya wote: mchango wa pesa unarudi, lakini unga uliosongwa, makala yaliyochomwa na ndagala walioliwa, hivyo vyote nitamrudishia kila mmoja mlangoni kwake, mwenyewe, kwa miguu yangu.

"Na umupe pole ukuta!" motari mmoja akapaza sauti kutoka njiani, na tangu hapo mji wote unaniita Papa Ukuta, hata watoto wa shule.

Waliondoka na mikeka yao. Nilivirudisha viti ndani mwenyewe. Ukuta ulikuwa umekauka vizuri sana, nauona mpaka leo ulivyokuwa mkavu jioni ile (mvua ya wiki iliyofuata iliuharibu, lakini hilo ni jambo jingine). Niliketi nikautazama mpaka giza likaingia, na nikaapa tena: sitatoa tena kiti nje bila kwenda kwanza kumweleza jirani ninachofanya.

Basi nikawa na deni tena, mimi. Nilipanga kulimaliza asubuhi moja, kwa kuwa najisifu kwa kazi ya haraka. Lakini Papa Kabwe, nilipompelekea unga uliotoka nyumbani kwake, aliniambia kaa, na nikakaa, akanieleza habari za treni ya Kabalo mpaka jua likazama. Nyumba ya pili walinicheka kwanza, halafu wakanipa kiti. Ya tatu vilevile. Nikaona hakuna haja ya kukimbia. Nikawa nakwenda nyumba moja, napumzika, nakwenda nyingine, na kila nilipotoka nilijikuta nahesabu zilizobaki kwa namna ambayo wakati wa madeni ya zamani sikuwahi kuhesabu.

Ikabaki moja tu, ya Mama Feza: gunia dogo la makala na vikombe vinne vya unga. Siku ya kumlipa nilivaa shati safi. Alikuwa mezani pake, akanitazama ninavyovuka barabara, akapokea makala, akafunua unga, akaupima kwa kikombe chake mwenyewe mbele ya wateja.

"Papa Ukuta," akasema, "hapa inapunguka kimoja."

Nilijua. Nilipima mwenyewe nyumbani, mara mbili.

"Nitakileta kesho, Mama," nikamwambia.

Akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wangu, akarudi kuuza makala yake.