Tumbo Lipi?

Mpaka leo nakumbuka siku niliyomkanyaga shangazi yangu mguu mbele ya daktari. Usicheke, mwanangu. Mimi si mzee, nina miaka thelathini na mbili, ila sukari imenizeesha, kwa hiyo nisikilize.

Ilinishika nikiwa na mimba yako. Ukazaliwa, yenyewe ikabaki. Nikanenepa, macho yakaanza kuona ukungu. Daktari akanieleza kuna operesheni ya kupunguza tumbo, huenda ikaishusha. Basi kijiji chetu kizima cha Ntalikwa kikajua. "Anatafuta shepu huyo!" Nilivimba kwa hasira, nikamwambia daktari ndiyo ili niwakomeshe. Yaani nikate mwili wangu kuwajibu majirani! Hasira hasara.

Siku ya kusaini fomu, shangazi Zuhura alikuja kwa treni kutoka Bukene anisindikize. Muuza kuku, shule aliishia darasa la nne. Mimi nina cheti cha kidato cha nne. Daktari akauliza kama kuna swali. Nikasema hakuna.

"Lipo," akasema shangazi. "Mwanangu daktari, mnapunguza tumbo lipi?"

Ndipo nikamkanyaga.

"Usinikanyage, mie si mkeka! Hili la nje, au lile la ndani linalokaa ugali?"

Daktari hakucheka. Akachora mfuko wa chakula, akafuta sehemu kubwa, kikabaki kitu chembamba kama ndizi. "La ndani, mama. Na tukishakata hatulirudishi."

Mimi na cheti changu nilidhani wanachota mafuta ya kitambi, halafu narudi kwenye sinia kama kawaida.

"Haya, kijindizi hicho kitakula nini?" Shangazi alishanogewa. "Asali je? Si dawa?"

"Asali ni sukari vilevile, mama."

"Hata hii yetu ya Tabora?"

"Hata ya Tabora."

"Mh!"

Fomu niliiacha mezani. Nilirudi baada ya mwezi na maswali ukurasa mzima, nikajibiwa, nikasaini nikijua. Wiki za mwanzo nilikunywa supu iliyochujwa. Harufu ya ugali wa jirani ikaniliza kweli. Sasa naanza na yai, samaki au maharage, vijiko vichache, natafuna mpaka taya zichoke. Ugali mwisho, ukipata nafasi. Maji sinywi pamoja na chakula. Vidonge vya vitamini na kliniki ni vya maisha. Sukari imeshuka, dawa zimepungua. Haijaniapia kwamba hairudi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii ukatwe wala usikatwe. Nakwambia usiamue kwa hasira, wala kwa aibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na heshima siyo kunyamaza. Uliza wanagusa nini, kinarudi au hakirudi, na miaka kumi mbele utakuwa unakula nini. Daktari akichoka kujibu, wewe usichoke kuuliza. Kalamu bado iko mkononi mwako.

Mungu akupe mwili mtiifu. Akikupa mkaidi kama wangu, akupe na ulimi wa kuulizia, na miaka ya kutosha kuyaona majibu.