Mabingwa Wasio na Mpinzani

Nilikuwa dirishani katika ofisi ya bandari hapa Mtwara, nikingojea mzigo wangu, alipoingia nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya wapakiaji, kofia kaishika kwa mikono miwili. Alimwomba karani wa bandari na reli ruhusa timu yake ipande treni Jumamosi kwenda Nachingwea, kucheza mechi ya mwisho ya ligi.

"Nachingwea hakuna timu tena, ndugu yangu," karani akamjibu taratibu. "Mashamba ya karanga ya Waingereza yameachwa, wachezaji wamerudi kwao."

"Na Lindi?"

"Lindi wamejitoa."

Nahodha akafikiri kidogo. "Basi sisi ndio mabingwa."

"Mabingwa wa nani, bwana? Na ninyi mnapunguzwa kazi mwisho wa mwezi. Hamkuambiwa?"

Hakuwa ameambiwa. Akavaa kofia, akaivua tena, akauliza kama wanaweza kucheza wenyewe kwa wenyewe. Karani akasema hakuna wa kuwakataza.

Jumamosi nilikwenda kutazama. Wachezaji walikuja wanne tu. Walirusha mpira kwa zamu, bila kuhesabu pointi, mpaka nahodha akaketi chini na kujifunika uso. Timu nyingi nimeziona zikifungwa, lakini hii ndiyo ya kwanza kuiona ikifungwa bila mpinzani.