Siku Mama Alipofika kwa Miungu

Mtaa wetu una jina rasmi, ila hata mimi nikilitaja naona haya. Ukiwa mjini unamwambia tu mtu wa boda boda, "Nipeleke kwa miungu," naye anajibu, "Panda, boss." Tajiri mmoja alirudi kutoka Ugiriki akiwa amepagawa, akanunua kipande cha mteremko wa mlima Menengai na kujenga nyumba za nguzo nyeupe. Kila njia ikapewa jina la mungu wa kale wa huko, na kila kona ikapata sanamu yake ya simiti. Mungu wa bahari amesimama juu ya chemchemi isiyo na tone la maji, kwa sababu maji yetu ni ya mgao.

Nyumba yangu mle niliipenda. Tatizo lilikuwa mama.

Mama anakaa Olenguruone na ni mtu wa kanisa kwelikweli. Nilipokuwa mtoto, baba alileta chupa ya chai yenye picha ya joka. Mama alilikwangua joka kwa kisu mpaka likabaki mkia, ndipo tukanywa chai. Na kwetu nyumba si nyumba mpaka mama mzazi aingie na kuiombea. Mwaka mzima nililala mle kama mgeni, nikimpiga chenga: mara rangi haijakauka, mara barabara ni mbovu. Nilitamani sana aje. Niliogopa zaidi kwamba akifika getini atageuza, na nyumba yangu ibaki hivyo hivyo, bila baraka yake.

Mwishowe akapiga simu: anakuja Jumamosi na akina mama watatu wa kanisani. Sikuulizwa. Nikachukua Biblia, nikawabatiza miungu wote.

Walishuka getini wakiwa na vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, na leso mabegani. Mama akasimama chini ya mzee wa ndevu aliyeshika radi.

"Huyu ni nani?"

"Eliya, mama. Ule moto wa Karmeli."

Wenzake wakasema amina. Mama akasogea hadi kwenye chemchemi kavu.

"Na huyu wa uma?"

"Petro. Si alikuwa mvuvi?"

"Petro alikuwa wa nyavu."

"Hiyo ni ya samaki wakubwa," nikasema, macho makavu.

Nikaongeza mwendo huku nikipiga domo kuhusu bei ya viazi soko la Bahati, ili tuipite kona ya mwisho bila mtu kuinua macho. Wapi! Pale ndipo alipo mungu wa kike wa mapenzi, uchi wa mnyama, tunda mkononi.

"Hawa," nikasema kabla sijaulizwa. "Si unaona tunda?"

Mama akaweka kibuyu chini. Akamzunguka yule mwanamke wa simiti polepole, akimkagua kama ng'ombe wa mnadani, kisha akamgusa tumboni kwa kidole.

"Hawa alitolewa kwa ubavu. Hakuzaliwa na mtu. Sasa hii kitovu alitoa wapi?"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini kando ya barabara. Mama hakucheka. Alivua leso yake, akamfunga yule mungu kifuani, fundo la nguvu, ndipo akanigeukia.

"Mimi nilijua kitambo. Mtoto wa jirani alinionyesha hawa wote kwa simu. Hii ni simiti tu, itanifanya nini? Lakini mwaka mzima unanizuia kuja kwako. Nikasema basi, mtoto wangu siku hizi anaonea mama yake haya."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwogopa yeye, si kumwonea haya, na nikaomba msamaha palepale barabarani, majirani wakichungulia madirishani. Nililia pia, wacha niseme.

"Haya. Fungua mlango."

Nikafungua. Mama akavua viatu, akaingia, akapiga magoti sebuleni kabla sijapata hata kumkaribisha. Aliomba kwa sauti Mungu anisamehe uongo wangu. Halafu akashusha sauti, akaomba asamehewe na yeye, kwa yale aliyokuwa akinidhania mwaka huo wote.