Sikumwambia Asitie Maji

Kosa ni langu, sitaki kumsingizia shetani. Jina nalificha kwa sababu naogopa. Pikipiki ikisimama tu nje hapa Mwanga, Kigoma, nazima taa nikidhani ni polisi.

Nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja. Tulikuwa tunatafuta kimiminika cha betri za alumini, kisichowaka moto na cha bei nafuu kuliko kile cha kuagiza nje. Tukachanganya chumvi ya alumini na urea, mbolea hii hii ya mahindi. Betri ikashika chaji, jamani, nilikaribia kulia. Ila kimiminika hicho hakipatani na maji hata kidogo: kinachemka na kutoa moshi wa asidi. Mwalimu wetu alikataza betri zisitoke nje ya maabara.

Nikaiba.

Nilimpelekea Goreti, dada wa Kirundi aliyekuwa akichajia watu simu kule kwenye kambi ya wakimbizi. Nilitaka anione mtu wa maana. Nikamwambia haiwaki moto, ni salama kabisa.

"Nta kibazo, kaka?" akaniuliza. Hakuna shida?

"Hakuna, dada."

Habari ya maji niliimeza, nikijua akiisikia atanirudishia betri yangu.

Sasa, nani hapa Kigoma hajui dawa ya betri ya gari iliyochoka? Unafungua kizibo, unaongeza maji. Betri yangu ilipolegea, Goreti akabandua kifuniko kwa kisu, akainama, akamimina. Moshi mweupe ukampanda usoni. Nilimkuta amefungwa kitambaa machoni. Jicho la kulia halioni mpaka leo.

Walinzi wa kambi walipomuuliza kaitoa wapi, alisema ameinunua kwa mpita njia. Nilikuwa nimesimama palepale. Nikaacha uongo huo upite, mwoga mkubwa mimi.

Na baya zaidi hamjalisikia. Betri zilikuwa mbili. Ya pili nilimpa jirani yake, mzee anayelea wajukuu, naye amesharudi Burundi. Kijiji sikijui. Nimeulizia kwa wenye boti mpaka Kagunga kule mpakani, wapi. Usingizi sina.

Ndugu zangu, usimpe mtu kitu ukamficha ubaya wake. Na kama unamjua mzee aliyerudi kwao na betri ya kopo la alumini, kifuniko kimegandishwa kwa gundi nyeusi, mwambie asiifungue. Kwa makadirio yangu, itakuwa imeanza kuchoka wiki hizi.