Neno Alilopewa Zezeta

Fundi wa kipimo cha umeme wa ubongo alikuwa na ulimi wa asali akiwa kazini. Akimbandika mgonjwa nyaya kichwani, huku akifuta dawa ya kunata isimchuruzikie machoni, aliwatuliza ndugu waliomleta: "Jamani, msimwite mvivu. Umeme wa ubongo unachafuka kidogo, fahamu zinamtoka, zinarudi. Si kupenda kwake." Watu walimshukuru mpaka akavimba kichwa.

Nyumbani sasa! Mdogo wake wa kike akiganda na mwiko mkononi, mboga ikiungua, yeye ndiye wa kwanza kupiga meza: "We Zezeta, amka!" Jina hilo alilitunga mwenyewe. Wapangaji wakalidaka, wanafunzi wenzake wakalidaka, mpaka binti akawa haitiki jingine. Wala usiniulize mtu mwenye kazi ile aliwezaje kutouona ugonjwa chini ya pua yake. Wagonjwa aliwaacha kazini. Nyumbani alitaka mtu wa kumcheka.

Mwalimu wa binti ndiye aliyembana mama yao mpaka binti akapelekwa kwa daktari, na daktari akaagiza kipimo. Basi asubuhi moja binti akalala kwenye kile kitanda chembamba, mama akakaa kando ya mlango. Fundi akabandika nyaya kimya kimya. Moyoni aliomba mistari ya kwenye kioo cha mashine itoke safi. Hakumwombea mdogo wake. Aliuombea uso wake mwenyewe.

"Pumua kwa nguvu, mfululizo. Usiache mpaka nikwambie."

Pumzi za namna hiyo huuchokoza ubongo makusudi, na hitilafu ya umeme iliyojificha hujitokeza. Binti akapumua, akapumua, kisha akaganda macho wazi. Kwenye kioo, mistari iliyokuwa ikitambaa taratibu ikaruka yote kwa pamoja, juu chini, juu chini.

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kazi ilimtaka atamke neno wakati huohuo, halafu amuulize mgonjwa kama amelisikia. Siku zote husema "kikombe". Safari hii mdomo ulitoa, "Nisamehe."

Mistari ikatulia. Binti akapepesa macho, akaendelea kupumua kama vile hakuna kilichotokea.

"Inatosha, pumua kawaida. Nimekwambia neno gani?"

"Saa ngapi, kaka? Hujasema kitu." Kisha akaelewa, uso ukamshuka. "Nimeganda tena? Samahani, kaka. Sikukusudia."

Anaomba radhi yeye! Fundi akatamani sakafu ipasuke.

"Nilisema kikombe," akajibu, macho kwenye mashine.

Mama akajikohoza pale mlangoni. "Hukusema kikombe, mwanangu. Rudia ulichosema. Sasa anasikia."

Fundi akageuza kiti. Akaanza kwa kumwita mdogo wake jina lake, lile alilopewa na mama.