Tulipopelekwa Kuona Korongo

Baba mdogo hakuwa mtu wa kutoa. Akija kwetu na robo ya sukari, ujue amekuja kuazima ng'ombe wa kulimia. Kwa hiyo wiki ile alipotuletea fadhila mbili mfululizo, nilizihesabu, kisha nikazihesabu tena. Zilibaki mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa na sababu.

Ya kwanza ilikuwa siku ya soko. Alijitolea kupeleka njugu za mama sokoni Migori mjini kwa baiskeli yake, eti shemeji apumzishe mgongo. Mama nami ndio tuliokuwa tukiuza njugu zile kila soko. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kubishana na wanunuzi, kwa sababu mama alikuwa na huruma na mimi sikuwa nayo. Siku hiyo tukakaa nyumbani kama wake wa machifu. Jioni baba mdogo akarudi na pesa zote, hajakata hata ya chai. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ya pili ilikuwa pikapu.

"Omera," alimwambia baba, kama ndugu wanavyoitana kwetu, "utazeeka hujaona kitu. Ukipita Homa Bay, ukafika kule karibu na Magunga, kuna korongo la mawe ya chokaa, meupe kama unga. Wazungu wanatoka mbali kulitazama. Nimesema na rafiki yangu mwenye pikapu. Jumatano uende na nyumba yote."

"Jumatano?" nikauliza. "Watu si hutembea Jumapili?"

"Jumapili pikapu inabeba samaki. Unataka ukae juu ya mbuta au juu ya kiti?"

"Na wewe huendi?"

"Nani ataangalia ng'ombe? Mimi na mke wangu tutabaki. Atakamua, atafagia, mkirudi mtakuta boma liko vilevile."

Baba alicheka kwa furaha, cheko la mtu aliyekumbukwa na ndugu yake. Sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu, nikaacha kuuliza.

Lazima niseme kilichokuwa katikati ya ndugu hao wawili. Babu alipogawa ardhi, baba alipata shamba la chini, kando ya kijito, udongo mweusi unaoshika maji hata Januari. Baba mdogo alipewa la juu, lenye mawe. Katikati kulikuwa na mstari wa mikonge aliyoipanda babu mwenyewe. Njugu za mama zilitoka shamba la chini, na karo yangu ilitoka kwenye njugu. Miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru, wazee wa kamati ya ardhi walikuwa wanazunguka kijiji kwa kijiji kupima mashamba ili kila mtu aandikiwe lake. Zamu yetu ilikuwa inakaribia. Siku yenyewe ingetangazwa sokoni na askari wa chifu, kama ilivyotangazwa kwa majirani. Baba hakuwa na wasiwasi. "Mikonge iko pale," alikuwa akisema. "Kamati itakuja, tutasimama pale mimi na ndugu yangu, basi."

Jumatano tuliondoka kabla ya kupambazuka. Baba alikaa mbele na dereva, kijana wa Rongo mwenye kofia iliyokuwa kubwa kuliko cheo chake. Mama, wadogo zangu na mimi tulikaa nyuma na kapu la chakula: kuku, viazi vitamu, chai kwenye chupa. Tulipita Homa Bay jua likiwa changa juu ya ziwa. Kwenye bonde la Lambwe mbung'o walitudunga kama mafundi cherehani, tukajifunika kanga moja sote mpaka tukafika upande wa pili tukiwa tumevimba na tunacheka.

Korongo lenyewe, sitalidhulumu, lilikuwa zuri. Ardhi ilikuwa imepasuka tu, bila taarifa, na chini yake kuta nyeupe zilisimama pande zote mbili, zimekatwa na maji kama mkate uliokatwa na mtoto. Mizizi ya mikuyu ilishuka kutoka juu ikitafuta unyevu. Pelele, wanyama wadogo kama sungura, walikaa kwenye vijishimo vya mwamba wakitutazama kama watu wanaotaka kodi. Chini kulikuwa na maji membamba, ya baridi, yaliyoacha ukoko mweupe kwenye vidole. Ukiita, sauti yako ilikwenda na kurudi imechoka. Mdogo wangu aliita jina lake mpaka mama akamwambia hata mwamba umeshalisikia.

Baba alivua viatu. Sikumbuki kumwona baba akiwa amevua viatu mahali pasipo shamba. Alitia miguu majini, akasema, "Ndugu yangu amefanya vizuri." Akarudia tena, polepole. Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii, na hayajapungua uzito.

Tulikuwa tunafungua kapu wakati mama mmoja wa Kisegi, kijiji cha ziwani, aliposhuka njia ya mawe na mzigo wa samaki wakavu kichwani. Tulimfahamu. Alikuwa akija soko la Migori, na meza yake ilikuwa karibu na ya mama. Aliposhusha mzigo alitutazama mmoja mmoja.

"Yawa! Ninyi mnafanya nini huku?"

"Tunatembea," mama akasema kwa haya kidogo, maana watu wa kwetu hawakuwa na desturi ya kutembea bila msiba.

"Mnatembea leo? Si leo kamati iko kwenu? Askari wa chifu alitangaza pale sokoni, akaita majina ya baba yenu na ndugu yake. Nikasema, mbona mama njugu hayupo? Nikamwona shemeji yako mezani kwako, anasikiliza vizuri sana."

Mama alifunga kapu. Hakuwa ameonja kitu. Baba alibaki na miguu majini.

"Amesahau kuniambia," baba alisema.

"Hakusahau," mama akasema. "Vaa viatu, baba yao."

"Labda siku imebadilishwa."

"Vaa viatu."

Dereva tulimkuta amelala chini ya pikapu. Tulipomwambia turudi, alitoa kichwa tu. "Nimeambiwa jua likigusa ziwa ndiyo niwashe gari. Kabla ya hapo, hapana."

Baba alianza kumsihi. Mama alianza kulia. Nikaona biashara inaharibika, nikachuchumaa karibu na ile kofia.

"Kaka, umeshalipwa?"

"Nusu. Nusu nyingine jioni."

"Na jioni utamdai nani?"

"Huyo baba yako mdogo."

"Huyo anayemwuza ndugu aliyenyonya naye ziwa moja. Wewe alikunyonyesha nani, mpaka akulipe?"

Alifikiri. Nilimwona anahesabu, nikamwachia nafasi ahesabu tena.

"Sasa ukitufikisha mapema," nikasema, "utamkuta mbele ya wazee. Mdai palepale. Mbele ya wazee hakuna mtu anayekataa deni dogo."

Aliwasha gari. Katika maisha yangu nimeshusha bei za vitu vingi, lakini ile ndiyo biashara niliyoifanya vizuri kuliko zote, na ndiyo iliyonipa hasara.

Barabara ya vumbi ilirudi nyuma yetu, Lambwe, Homa Bay, Rongo, na kila gari lililotuchelewesha mama alililaani kwa sauti ya chini kama anayesali. Tulikuwa na matumaini. Kazi ya kamati ilikuwa ndefu: kutembea mpaka, kusikiliza, kubishana, kupiga vigingi. Na kwa desturi maneno hayafungwi mpaka wazee wamekula nyumbani kwa mwenye shamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yetu wakati wengi hawakujua kalamu. Wazee wakila chakula kilichopikwa kwenye mafiga ya mwenye nyumba, nyumba ile imekubali. Kama hawajala, bado kuna nafasi.

Tulifika jua lingali juu. Mimi ndiye niliyeona kwanza moshi. Ulikuwa unatoka jikoni kwa mama.

Mke wa baba mdogo alikuwa ameinama kwenye mafiga ya mama, anapakua ugali kwa mwiko wa mama, amejifunga kanga ya mama. Chini ya kivuli cha ghala wazee wa kamati walikuwa wamekaa kwenye viti vyetu, na kuku wetu, yule mwekundu aliyekuwa akitaga kila siku, alikuwa katikati yao kwenye sahani. Baba mdogo alikuwa akiwamiminia mchuzi. Nyuma yao, chini, vigingi vipya vilikuwa vimepita ndani ya njugu. Mikonge ya babu ilikuwa imeng'olewa, imelala chali.

Sasa, kwetu mtu anayekula haletewi ugomvi. Huyo ni mgeni, ana mkono kwenye sahani yako, unamwamkia na kungoja. Baba mdogo alilijua hilo. Alimtazama baba akiingia na vumbi jeupe miguuni, akasema kwa sauti ya mwenyeji, "Omera, umewahi! Njoo ule na wazee. Nimewaambia ulinituma nionyeshe mpaka."

Nilimtazama baba nikapiga hesabu, na kila nilipopita njia moja nilikuta imezibwa. Akikataa kula, anasema mbele ya watu kwamba jiko lile si la nyumba yake, yaani amemkana mama. Akila, ameshakubali. Nimekutana na wajanja wengi sokoni tangu siku ile. Sijaona mwingine aliyefunga mzigo vizuri namna hiyo.

Lakini ilikuwapo njia ya tatu. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kupindua sahani, akaitwa mshenzi kijiji kizima, na shamba likabaki. Nilimngoja afanye hivyo. Nilimngoja kwa nguvu zangu zote.

"Jaduong'," mzee mmoja alimwita kwa heshima, mdomo umejaa, "karibu. Tunakula kwako."

"Karibuni," baba akasema.

Akaketi. Akaniita nimletee maji ya kunawa. Nilimimina birika juu ya mikono yake, na ukoko mweupe wa korongo ukatoka vidoleni, ukaanguka chini. Hakuniangalia.

"Tumesikia mlikwenda kutembea," mzee yule akasema. "Kukoje huko?"

Baba alimega ugali, akauchovya.

"Kuzuri," akasema. "Ndugu yangu amefanya vizuri."

Dereva alikuwa amesimama langoni na kofia mkononi, akingoja nafasi ya kudai. Mama hakuingia ndani ya boma. Alipita nyuma ya ghala, akashuka moja kwa moja shambani, akaanza kung'oa njugu upande wa pili wa vigingi, changa, zikiwa bado laini kama meno ya mtoto. Niliweka birika chini mbele ya wazee, bila kuomba ruhusa, nikamfuata. Baba aliniita kwa jina. Niliendelea kutembea.